Wanataka Kumzika Steringi Ikinga

Mtu akikuandikia, "Bibi naomba picha ya yule jamaa wa zamani," usimjibu papo hapo. Weka simu chini, kunywa chai. Ukirudi utamkuta ameongeza, "Yule mwenye bunduki." Weka tena chini. Wote wana bunduki! Nimepokea maombi ya wasomaji mpaka macho yamegoma, na sijampata hata mmoja aliyeniambia anachokitaka bila kuvutwa ulimi. Wanaomba kama mgonjwa anayefika kwa daktari, anasema "naumwa," halafu ananyamaza anaangalia dari.

Sasa ninyi wajukuu mnaochukua simu hii mkononi mwangu, Tumaini amesema niwaandikie maneno ya kuwasaidia. Mimi niliishia darasa la nne, nitaandika ninavyosema. Nitawaeleza kazi ilivyo, na nitawaeleza habari ya mama mmoja wa Ikinga ambaye ilibaki kidogo abandikiwe mume asiye wake, tena na watoto wake mwenyewe. Hiyo muisome polepole. Mengine mkitaka mruke.

Tovuti ni ya Tumaini, mtoto wa binti yangu. Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi hapa Tunduma akafungua duka la simu, na akishafunga mahesabu yake jioni anaweka mtandaoni picha na habari za wacheza filamu wa zamani. Wahindi, Wachina, Wamarekani, hata wale Wanaijeria wa mwanzo mwanzo. Ilikuwa kazi nzuri, imetulia. Halafu akaharibu mwenyewe. Akaandika chini, "Unamkumbuka nani? Omba tukuwekee." Mtoto wa watu! Unamwambiaje Mtanzania aombe?

Maombi yakaja, na Tumaini haelewi hata moja. Mtu wa Mlowo anaomba Bwana Shamba. Wa Vwawa anaomba Mjomba. Wa hapa Tunduma anaomba Kastamu. Tumaini anatafuta Kastamu kwenye mtandao, anapata picha za malori yaliyokwama mpakani. Siku hiyo nilikuwa nimekaa dukani kwake nachambua maharage. Nikamwambia, "We mtoto, hao wote ni mtu mmoja. Ni yule mwenye masharubu ya kupinda, anayesimamisha magari barabarani na kukagua buti."

Akaniangalia. "Bibi, umejuaje?"

"Nimejuaje? Mama yako kasoma kwa masharubu hayo!"

Maana mimi, kabla magoti hayajaniasi, nilikuwa na banda la video hapa mjini. Mabenchi, deki, jenereta lililolia kila jioni kama mtoto mwenye tumbo. Kanda zilikuja hazina hata karatasi ya juu, na zingekuwa nayo nani angesoma? Kichina? Basi watu wa banda ndio waliowabatiza waigizaji. Ukifanana na mwalimu wetu, unaitwa Mwalimu. Ukisimamisha magari, hapa mpakani jina lako ni Kastamu, utake usitake. Na kila banda lilibatiza kivyake. Kwa hiyo mtu akiomba, swali lako la kwanza ni hili: uliangalia banda la wapi? Wengine wanakasirika. "Bibi, nimekuuliza muigizaji, wewe unaniuliza kijiji." Mwache akasirike. Akishataja Mlowo, umeshapita nusu ya njia.

Swali la pili nilifundishwa na Bana Chanda, mwanamke wa ng'ambo, Nakonde upande wa Zambia, aliyekuwa akinivushia kanda amezifunga ndani ya chitenge pamoja na dagaa. Kanda zangu zote zilinuka dagaa, wateja wakazoea. Yeye hakuwahi kuangalia filamu mpaka mwisho, lakini alijua kuuza kuliko wote waliokuja mlangoni kwangu. Siku moja alinikuta nimebanana na mteja, namwuliza filamu inaitwaje, hajui, ilitoka nchi gani, hajui, jina la steringi, yule mchezaji mkuu, hajui. Bana Chanda akanisukuma pembeni. "Mayo," akaniambia, ndiyo mama kwa lugha yao, "mtu hakumbuki jina. Mwulize alilia wapi." Akamgeukia yule mteja, dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama gogo. "Baba, ulilia wapi?" Jamani, yule dereva alitazama viatu vyake. "Pale mbwa alipoachwa stesheni." Nikaenda moja kwa moja kwenye kanda, nikamkabidhi.

Shikeni hilo. Alilia wapi, alicheka wapi, alifumba macho wapi.

Mengine ya kazi hii ni ya kuudhi tu, na sitawadanganya kwamba mtazoea. Mtu ataomba namba ya simu ya muigizaji aliyeanza kucheza wakati mama yake yeye bado anasota. Mwingine atataka umuunganishe, ana nia njema ya kuoa. Yuko mmoja, mzee wa kanisa, jina nalihifadhi kwa ajili ya wajukuu zake, kila wiki aliomba picha za dada mmoja akiwa amevaa nguo za kuogelea, na kila wiki aliandika ni kwa ajili ya somo la vijana. Nilimtumia dada huyohuyo akiwa amevaa koti la baridi na kofia ya sufu. Akanyamaza mwezi mzima.

Na habari za vifo. Hapo simameni. Tumaini alipokuwa anajibu peke yake, aliulizwa na mtu wa Mlowo, "Yule mama aliyekuwa analia kwenye mvua yuko wapi siku hizi?" Tumaini akajibu, "Alishafariki." Neno moja, kama mtu anayetupa maji ya vyombo. Kumbe mwulizaji ni mama muuza vitenge, na huyo mama wa mvua alimpenda tangu akiwa mwali. Alipiga ukunga palepale dukani. Majirani nao, mnatujua, hatuulizi. Wakafunga maduka, wakatandika mikeka, wanaume wakaanza kukusanyika nje. Walipokuja kujua msiba ni wa nani, wakanipigia mimi kunisema. Mmoja akaniuliza, "Sasa Bibi, unga tumeshachanga, tuufanyeje?"

"Mle," nikamwambia.

Tangu siku ile, mtu akiuliza habari za aliyekufa, kwanza mwulize yuko na nani. Mwulize amekula. Mwambie akae. Ndipo umwambie. Haijalishi marehemu ni wa Amerika. Aliyepokea habari yuko Mlowo.

Haya. Sasa Ikinga.

Mchana mmoja simu ikaita. Tumaini akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga. Sauti ya mwanaume, mtu mzima, mpole, Mndali kwa matamshi yake.

"Shikamoo Bibi Video. Mimi naitwa Ambakisye, napiga kutoka Ikinga, Ileje."

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Steringi wa ile filamu ya tajiri wa majani ya chai. Ile ya Kihindi."

Nikasimama. Mtu amejieleza! Kataja filamu, kataja mtu, sijamvuta ulimi! Filamu hiyo naijua kama sebule yangu, niliionyesha mpaka kanda ikawa inakwaruza. Nikataka kumwombea baraka.

"Iwe kubwa, Bibi," akaendelea. "Uso tu. Isiwe na maandishi, na asiwepo mwanamke pembeni."

Tumaini ana vidole vyepesi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamtumia, picha safi, steringi anatabasamu, meno kama punje za mahindi machanga. Lakini mimi neno lile likanikaa moyoni. Filamu nzima yule bwana kakumbatiwa na mwanamke, huyu wa Ikinga anamkataa wa nini?

"Baba, kwa nini hutaki mwanamke?"

"Ni ya kaburini, Bibi."

"Kaburi la nani?"

"La baba yetu."

Nikafuta mikono, nikaishika simu mwenyewe.

Kumbe ndiyo hivyo. Baba yao alifariki watoto wangali wadogo, huyu Ambakisye ndiye mkubwa na alikuwa bado anabebwa akichoka njiani. Hawamkumbuki sura. Picha aliyowahi kupigwa ni moja tu, ya kitambulisho cha kazi, na walipomvika koti lake zuri kwenda kumzika hakuna aliyekagua mfuko wa ndani. Wakamzika na picha yake. Sasa watoto wamekua, wanataka kulijengea kaburi na kusimika msalaba, mchungaji ameshaalikwa, ukoo unakuja Jumamosi, na kuna fundi anayeweza kuchapa sura ya mtu kwenye kigae kikawekwa pale kichwani. Sura hakuna. Lakini wote wamekua wakisikia kwamba baba, enzi anafanya kazi Mlowo, alifanana na mtu wa kwenye filamu ile ya majani ya chai. Wakakaa kikao cha familia. Wakapitisha.

"Kwa hiyo mnataka kumzika steringi Ikinga," nikasema.

"Hatumziki, Bibi. Tunamweka juu tu."

"Na ndugu zake wakija wakamkuta?"

"Watafikaje Ikinga, Bibi? Hata mbolea hapa inafika kwa kuchelewa."

Tumaini alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga yangu, anatikisika. Mimi sikucheka. Nilimwambia yule kijana kwamba anataka kuwapigisha magoti wajukuu wa baba yake mbele ya mtu asiyejua hata Ileje iko upande gani. Akasema, "Ndiyo Bibi, ahsante Bibi," kama wanavyosema watu wapole wakishaamua lao, akakata.

Kesho yake akapiga tena, sauti imeshuka.

"Bibi, mama amekataa. Tumemwonyesha kwenye simu, anasema si huyu. Labda utume nyingine, akiwa kijana zaidi."

Tukatuma akiwa kijana. Si huyu. Tukatuma akiwa mzee, akiwa amenyoa, akiwa na kofia, akiwa amekasirika. Si huyu, si huyu, si huyu. Mpaka Ambakisye akachoka. "Bibi, mama umri umekwenda, siku hizi anasahau. Fundi ananisubiri. Tutaweka ile ya kwanza, siku ikifika ataizoea."

Hapo nikapanda hasira. "Filamu aliiona nani, wewe au mama yako?"

"Mama."

"Basi mwombaji ni yeye. Wewe umetumwa tu. Mpe simu."

Nikasikia kuku, nikasikia mlango, halafu pumzi ya mtu mzima asiyezoea simu, ameibana sana sikioni. Hakunisalimia.

"Wewe ndiye unayetuma hao Wahindi?" akaniuliza.

"Ndiyo mimi, dada."

"Waambie watoto wangu waache."

Nikamwuliza, wanaacha nini. Akasema jambo ambalo mpaka leo nikiwa napika hunijia.

"Nikifumba macho anakuja," akasema. "Lakini amenigeuzia kisogo. Zamani alikuwa anageuka. Sasa hageuki, namwona koti tu. Nangoja ageuke. Hawa wakimbandika yule mtu pale, nitamwona kila nikipita kwenda shambani. Nitamzoea. Siku nikifumba macho atakuja yeye, na meno yake. Wangu atakuwa amekwenda kabisa."

Simu ikakatika. Nikamwangalia Tumaini.

"Bibi, ni picha tu," akasema, lakini taratibu.

"Picha tu, basi tundika dukani kwako, waambie wateja ndiye babu yako."

Nikaondoka asubuhi ya Ijumaa. Umri wangu huu! Kosta mpaka Mpemba, nyingine mpaka Itumba, magoti yamekunjwa juu ya gunia la mtu la viazi, halafu bodaboda ya kupanda na kushuka vilima ambayo dereva wake aliniambia nisiogope mara nyingi mpaka nikaanza kuogopa. Njia nzima najiuliza, mimi ni mpokea maombi au ni mhubiri? Kazi hii ilianza kwa kuchambua maharage. Jamani, msiwahi kumchambulia mtu maharage dukani kwake.

Nilikuta mchanga umemwagwa, saruji imefunikwa turubai, wanawake wanamenya viazi. Ambakisye akaja kunipokea mkoba. Mrefu, ana haya, hanitazami machoni. "Bibi, hukupaswa kujisumbua," akasema.

"Ningekaa kwangu wewe ungenisumbua hukohuko. Mama yuko wapi?"

Yule mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mbali na wageni, anapukuchua mahindi ambayo hakuna aliyemtuma apukuchue. Mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, mikono haitulii. Nikavuta kigoda, nikachukua hindi langu, tukapukuchua. Watoto wake walikuja wakasimama pembeni, wanadhani nitamhoji. Sikumwuliza mume wake alikuwa na sura gani. Unamwulizaje mtu kitu kilekile kinachomtoroka? Nikamwuliza mambo ya banda.

"Dada, Mlowo mlikuwa mnakaa benchi lipi?"

"La nyuma, karibu na mlango. Ghala lilikuwa ng'ambo ya barabara na yeye ndiye mlinzi wake. Lori likipiga honi anatoka mbio."

"Na filamu ile ya majani ya chai, ulilia wapi?"

"Sikulia. Nilie nini? Tajiri kapoteza mke, kapata mwingine."

"Ulicheka wapi?"

Mikono ikasimama. Akanitazama mara ya kwanza.

"Pale getini," akasema.

"Geti lipi?"

"La tajiri! Si linakuja gari jeusi? Kuna mtu anafungua geti. Anafungua, anapiga saluti, gari linapita, basi, humwoni tena mpaka gari lirudi. Banda zima wanageuka nyuma wanamwangalia mume wangu. 'We, umefikaje huko? Nani amebaki na ghala?' Maana alikuwa yeye! Kaki ile ile, kusimama kule kule kwa kuegemea mguu mmoja. Kila geti likifunguliwa wanapiga kelele. Ilibidi awe anaficha uso kwenye kofia."

Nikaachia gunzi. "Dada! Kwa hiyo siyo steringi."

"Steringi!" Yule mama alikasirika mpaka kilemba kikaenda upande. "Nani kasema steringi? Mume wangu na steringi wapi na wapi? Steringi mweupe kama yai, anapuliziwa upepo kichwani kila akiongea! Mume wangu alikuwa anafungulia watu geti!"

Nikamgeukia Ambakisye. Alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Sisi tuliambiwa alifanana na mtu wa kwenye filamu," akasema. "Tukajua ni yule."

Bila shaka mlijua ni yule. Na ninyi wajukuu mngejua ni yule, na Tumaini alijua ni yule, na mimi niliyeionyesha filamu ile mpaka ikakwaruza sikuwahi kumtazama mfungua geti hata mara moja. Mtu akisema "alifanana na mtu wa kwenye filamu," wote tunakimbilia aliye katikati ya kioo. Kazi hii itawachosha kwa mambo mengi, lakini hilo litawachosha zaidi: wasomaji hawaombi steringi kila mara. Wanaomba steringi kwa sababu hawajui kama mwingine anaruhusiwa kuombwa.

Mtandao wa kupokea picha pale nyumbani haukuwepo. Unapatikana nyuma ya banda la nguruwe, pembeni ya mgomba mmoja, na ukisogea hatua unapotea. Nikaenda kusimama hapo, nguruwe ananinusa gauni kupitia kwenye mbao, nikampigia Tumaini.

"Fungua filamu ya majani ya chai. Ngoja gari jeusi. Geti likifunguka, simamisha, nitolee picha ya anayefungua."

"Anayefungua? Bibi, huyo hana jina. Hata mwishoni hawajamwandika."

"Nimekuuliza jina?"

"Siyo nyota, Bibi."

"Na mimi siyo nyota, na uko kwenye simu na mimi! Toa picha."

Akaguna. Lakini huyu mtoto akishaguna hufanya kazi kwelikweli, nawaambia ninyi mtakaofanya naye. Alikaa na filamu ile akiisogeza mbele na nyuma. Picha ya kwanza ikaingia, kiwiko tu. Ya pili, kofia imemziba mpaka puani. Ya tatu, gari limeshapita, amebaki na mkono wake wa saluti, anaangalia lilikokwenda. Picha ina ukungu. Mhindi mweusi kama sisi, mashavu yameingia ndani, kaki imempwaya mabegani.

Nikamwita yule mama. Ambakisye akamletea kiti cha plastiki, akakiweka palepale kwenye matope ya nguruwe, na ukoo wote ukahamia nyuma ya banda, wenye visu vya viazi na wenye watoto mgongoni. Nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

Wenye visu wakaacha kumenya. Nguruwe peke yake ndiye alikuwa hana adabu.

"Ndiye," akasema.

Ambakisye akavuta pumzi. Lakini mama yake alikuwa bado anatazama, na uso wake ukaanza kukunjamana, kama mtu aliyeonja mboga ikakosa kitu.

"Siye," akasema.

"Mama—"

"Nyamaza. Huyu masikio yamelala. Ya baba yako yalisimama. Akivaa kofia inakalia masikio, haifiki kichwani. Na huyu shingo yake ndefu. Baba yako hakuwa na shingo, nilikuwa nikimfunga tai ya kwenda kanisani sijui niipitishe wapi." Mtu mmoja akacheka nyuma yangu. Yule mama hakugeuka. "Na hapa juu ya jicho alikuwa na alama, aliunguzwa na kaa la moto akiwa mtoto, hapakuota nyusi. Akitaka kukutania jicho hilo linatangulia kufinyika. Mdomo bado. Unaliona jicho, unajua linakuja. Na jino hili la pembeni lilipanda juu ya mwenzake. Alikuwa anacheka amelifunika kwa mkono, nikamwambia liache, ndilo nililolipenda. Basi akawa analiacha, lakini nikiwa peke yangu tu. Ehe. Analiacha. Hivyo."

Alikuwa ameacha kuangalia simu. Ilikuwa mapajani mwake, nayo mikono yake, ile isiyotulia, ilikuwa imetulia juu yake. Alikuwa anatazama mbele, pale penye ule mgomba, ambapo hapakuwa na kitu, na uso wake umekaa kama wa mtu anayesemeshwa. Watoto wake, watu wazima wenye mvi, walikuwa wamechuchumaa kwenye matope wanamsikiliza mama yao akiwapa baba, sikio moja moja, jino moja moja. Ambakisye alikuwa anajigusa juu ya jicho, palepale, kama anatafuta.

Kisha akakumbuka fundi. Nisimlaumu, saruji ilikuwa imeshanunuliwa. Akaichukua simu mapajani mwa mama yake, akaipanua ile picha, akainama akaishika mbele ya uso wake.

"Mama, huyu basi afadhali. Tumwambie fundi aweke huyu?"

Yule mama hakuitazama. Aliisukuma pembeni kwa kiganja, polepole, macho yake hayajaondoka kwenye mgomba.

"Iondoe hiyo," akasema. "Inaniziba."